Onyesho Bora la Grateful Dead ni Lipi? Fumbo la Kanda, Tarehe na Masikio

Mashabiki wa bendi nyingi hubishana kuhusu albamu. Mashabiki wa Grateful Dead hubishana kuhusu tarehe. Ukimwuliza mmoja wao ni kazi gani ya bendi hiyo anayoipenda kuliko zote, huenda asitaje kabisa chochote kilichotengenezwa studioni, bali akakupa siku, mwezi, mwaka na jina la ukumbi, na ikiwa yupo mwenzake karibu, ubishi utaanza hapo hapo. Bendi hiyo ya roki ya saikedeliki ilianza mwaka 1965 katika eneo la San Francisco, California, ikafika mwisho mwaka 1995 alipofariki Jerry Garcia, mpiga gitaa ambaye kila mtu alimwona kuwa kiongozi isipokuwa yeye mwenyewe. Katika miaka hiyo 30 ilipanda jukwaani takriban mara 2,300, na sehemu kubwa ya maonyesho hayo imehifadhiwa katika kanda.

Ugumu wa kuchagua onyesho moja hautokani na wingi huo peke yake. Unatokana na ukweli kwamba swali lenyewe limebeba maswali kadhaa yaliyosokotana: bendi ilipigaje usiku ule, nani aliurekodi muziki na kwa njia gani, kanda ilimfikiaje msikilizaji, na je, msikilizaji huyo alikuwepo ukumbini au hakuwepo. Watu wawili wanaweza kusifu onyesho moja kwa sababu ambazo hazikutani popote. Sisi tulioijua bendi hii kwa kanda tu tuna uhuru fulani katika jambo hili, kwa kuwa hatuna ujana wa kuutetea; lakini tuna upofu wetu pia, nami sitajifanya sina upande.

Kwanza ieleweke namna bendi ilivyofanya kazi. Grateful Dead hawakuwa na orodha moja ya nyimbo ya kuzunguka nayo mji hadi mji. Kila usiku orodha ilikuwa tofauti, na sehemu kubwa ya nusu ya pili ya onyesho haikupangwa hata kidogo: wimbo ulifunguka katikati, wapigaji wakayaacha mashairi yake nyuma, wakatunga papo kwa papo kwa dakika kumi au ishirini, kisha wakatokea ndani ya wimbo mwingine bila kusimama. Aliyezoea muziki wa dansi anaweza kufikiria sebene, pale waimbaji wanapopumzika na magitaa yakachukua uwanja, ila hii ni sebene ambayo mdundo wake, ufunguo wake na hata mwisho wake haujulikani na mtu yeyote jukwaani. Wimbo "Dark Star" ndio mfano wa kawaida. Ulipotolewa katika santuri ndogo mwaka 1968 haukufika dakika tatu. Jukwaani ulizoea kupita dakika ishirini.

Hali hiyo iliwezekana kwa sababu ya watu wenyewe. Garcia alikuwa ametoka katika muziki wa kiasili wa Marekani na alipiga banjo kabla ya kushika gitaa la umeme. Phil Lesh, mpiga besi, alikuwa mpiga tarumbeta aliyesomea utunzi wa muziki wa kisasa wa Ulaya, na besi yake haikukaa chini kushikilia mdundo bali ilijibizana na solo. Bob Weir alipiga gitaa la ridhimu kwa vipande vidogo vidogo vilivyojaza nafasi zilizoachwa na wengine. Nyuma yao alikuwepo Bill Kreutzmann kwenye drams, na kuanzia Septemba 1967 Mickey Hart aliketi pembeni yake kwa drams za pili. Kinanda ndicho kiti kilichobadilisha wakaaji mara nyingi zaidi, na mashabiki wengi huhesabu enzi za bendi kwa majina ya waliokikalia: Ron McKernan aliyejulikana kama Pigpen, Tom Constanten, Keith Godchaux, Brent Mydland, kisha Vince Welnick akisaidiwa kwa muda na Bruce Hornsby.

Kwa maoni yangu, anayetaka kuelewa neno saikedeliki lilikuwa na maana gani kwa bendi hii aanze na usiku wa tarehe 13 Februari 1970 katika ukumbi wa Fillmore East, New York. Bendi ilikuwa imekulia katika hafla za mwandishi Ken Kesey za mwaka 1965 na 1966, ambako watu walikunywa LSD, dawa ya kulevya inayoleta njozi, wakati huo ikiwa haijapigwa marufuku California, na muziki ulitakiwa ufuate hali ya watu badala ya kufuata saa. Kufikia mwaka 1970 tabia hiyo ilikuwa imegeuka kuwa ustadi. Onyesho la usiku huo lilivuka saa sita likaingia tarehe 14, na mwishoni bendi ilipiga "Dark Star", ikaingia katika "That's It for the Other One", ikamalizia na "Turn On Your Love Light", wimbo wa bluzi ulioimbwa na Pigpen. Nyimbo hizo tatu zilichukua takriban saa moja na nusu. Kinachonivuta si urefu, kwa sababu urefu peke yake huchosha. Ni namna ambavyo ukimya wa katikati ya "Dark Star" unajengwa upya, noti baada ya noti, hadi bendi nzima inasimama pamoja juu ya kiitikio kimoja chenye furaha ambacho hakimo katika wimbo huo uliotolewa kwenye santuri.

Usiku huo ulirekodiwa na fundi wao wa sauti, Owsley Stanley, ambaye marafiki walimwita Bear, na ambaye kabla ya hapo alikuwa maarufu kwa kutengeneza LSD yenyewe. Stanley alirekodi kila alichoweza ili asikilize baadaye na kusahihisha kazi yake. Hapo ndipo lilipo chimbuko la fumbo letu: kumbukumbu ya bendi hii ilianza kama daftari la fundi, haikuanza kama biashara.

Miaka miwili baadaye bendi ilikuwa imebadilika sana. Mickey Hart alijitoa Februari 1971, baada ya baba yake, aliyekuwa meneja, kutoroka na fedha za bendi, na Kreutzmann akabaki peke yake kwenye drams. Kwa kupungua mkono mmoja, muziki ulipata wepesi. Bendi iliweza kugeuka ghafla kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja tu wa kufuatwa. Keith Godchaux aliingia Oktoba 1971 na piano iliyokuwa na masikio ya jazi. Ziara ya Ulaya ya mwaka 1972, kuanzia tarehe 7 Aprili hadi 26 Mei, ilikuwa na maonyesho 22, yote yakirekodiwa kwa mtambo wa njia 16, na mwaka 2011 yalitolewa yote katika kisanduku chenye diski 73. Albamu ya santuri tatu iliyotoka mwaka 1972 kutokana na ziara hiyo inaitwa ya jukwaani, ingawa sehemu kubwa ya sauti za waimbaji zilirekodiwa upya studioni California. Jambo hilo halijawahi kuwazuia watu kuipenda, na halipaswi.

Lakini onyesho langu la mwaka huo, na kwa kweli la miaka yote, halikufanyika Ulaya. Ni la tarehe 27 Agosti 1972 huko Veneta, Oregon, katika uwanja wa wazi wenye miti pembeni. Liliandaliwa kukisaidia kiwanda kidogo cha maziwa cha Springfield Creamery, kilichokuwa cha Chuck Kesey, mdogo wake Ken Kesey, na mkewe, na ambacho kilikuwa katika dhiki ya fedha. Tiketi zilichapishwa kwenye karatasi za lebo za mtindi wao. Siku hiyo joto lilipita nyuzi 38 za Selsiasi. Jukwaa lilikuwa limejengwa likitazama upande wa jua la alasiri, na magitaa yalikataa kukaa kwenye sauti, hivi kwamba kati ya wimbo na wimbo unawasikia wapigaji wakihangaika na nyuzi zao. Kwa vigezo vya fundi yeyote, hayo si mazingira ya kazi bora.

Hata hivyo sikiliza "Playing in the Band" ya mchana ule, kisha "Bird Song", ambamo Garcia anapiga kama mtu mwenye muda wote duniani. Jua lilipoanza kushuka walipiga "Dark Star" ya zaidi ya nusu saa, iliyoanza kwa utulivu, ikaingia katika mazungumzo ya besi na drams, ikasambaratika kuwa makelele halisi, na kisha Weir akaanza kupiga "El Paso", wimbo wa wachunga ng'ombe wenye mwendo wa waltz, na bendi ikamfuata kama kwamba hilo ndilo jambo la kawaida kabisa kufanya. Wapo mashabiki wanaoona kwamba Weir aliharibu. Mimi naona kinyume chake: mruko huo wa kutoka muziki usio na sura hadi hadithi ya mapenzi na bastola ndio bendi yenyewe, kwa sababu hakuna bendi nyingine ya wakati ule iliyokuwa na uwezo wa kwenda huko na ukosefu wa adabu wa kurudi kwa njia hiyo.

Mwaka 1974 ulikuwa wa mitambo. Bendi ilizunguka na mfumo wa sauti ulioitwa Wall of Sound, wenye spika zipatazo 600 zilizopangwa nyuma ya wapigaji, kila ala ikiwa na spika zake, na kila mwimbaji akiwa na maikrofoni mbili zilizounganishwa kinyume ili kelele za spika zifutane na sauti yake ibaki. Mzigo ulikuwa na uzito wa takriban tani 75. Sauti ilisifiwa, gharama ikawashinda, na Oktoba mwaka huo bendi ilijipumzisha. Kwa shabiki wa kanda mfumo huo una kejeli yake: uliundwa kwa ajili ya aliyesimama ukumbini, na kanda nyingi za mwaka huo haziwezi kueleza alisikia nini.

Sasa tufike Cornell, kwa maana ubishi wote hatimaye hufika Cornell. Tarehe 8 Mei 1977 bendi ilipiga katika Barton Hall, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Ithaca, New York, uliojengwa kwa mazoezi ya kijeshi. Nje kulianguka theluji ingawa ulikuwa mwezi wa Mei. Kwa miongo kadhaa onyesho hilo limewekwa juu ya orodha za mashabiki, na mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi yake katika hazina ya kitaifa ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa.

Muziki wenyewe unastahili sifa, na sitaki kuwa miongoni mwa wale wanaoupinga kwa sababu tu umependwa na wengi. Bendi ilikuwa imetoka kurekodi albamu na prodyuza Keith Olsen, aliyewalazimisha kufanya mazoezi kuliko walivyozoea, na nidhamu hiyo inasikika. Hart alikuwa amerudi, na wapiga drams wawili walikuwa wamejifunza upya kutokanyagana. "Scarlet Begonias" inateleza kuingia "Fire on the Mountain", wimbo uliokuwa na miezi miwili tu jukwaani, na mshono wa kati ya nyimbo hizo ni laini kiasi kwamba unaweza kurudia mara kadhaa kutafuta mahali hasa unapopita. "Morning Dew" ya karibu na mwisho inapanda taratibu hadi Garcia anapokwangua nyuzi kwa kasi ambayo haifai kuelezwa kwa maneno ya mtu aliyetulia.

Tatizo ni majirani wa tarehe hiyo. Tarehe 5 Mei bendi ilikuwa New Haven, tarehe 7 Boston, na tarehe 9 Buffalo, na mtu akisikiliza maonyesho hayo manne bila kuambiwa lipi ni lipi, sidhani kama angeichagua Cornell kila mara. Buffalo inafunguka kwa "Help on the Way" inayoingia "Slipknot!" na "Franklin's Tower" kwa uhakika ambao Cornell haina katika dakika zake za mwanzo. Kwa nini basi Cornell imekuwa Cornell?

Jibu lina jina: Betty Cantor-Jackson. Alikuwa fundi wa kurekodi wa bendi, na kanda zake za miaka ya sabini zina uwiano ambao wengi waliofuata hawakuufikia. Kila ala inakaa mahali pake, besi ina mwili, na ukumbi unasikika bila kumeza muziki. Baada ya kuachana na bendi alipitia kipindi kigumu, akashindwa kulipia ghala alilohifadhia mali zake, na mwaka 1986 vitu hivyo, kanda zikiwemo, viliuzwa kwa mnada. Wapenzi wa bendi walipozifikia walizinakili, na nakala zikaenea kwa mikono ya wakusanyaji kote Marekani. Cornell ilikuwa miongoni mwa nakala safi zilizozunguka sana, wakati ambapo wakusanyaji wengi walikuwa wakivumilia kaseti zilizonakiliwa mara kumi hadi sauti ikafa. Waliosikia bendi ya mwaka 1977 kwa usafi huo kwa mara ya kwanza waliisikia kupitia tarehe hiyo, na upendo wa kwanza una nguvu zake. Kampuni haikuitoa rasmi hadi Mei 2017, miaka 40 baadaye, lakini kufikia hapo wengi wa walioinunua walikuwa tayari wanaijua kwa moyo.

Hapa inafaa kueleza aina za kanda, kwa sababu mabishano mengi kuhusu onyesho ni mabishano kuhusu kanda bila wenyewe kujua. Kuna kanda zilizochukuliwa moja kwa moja kutoka meza ya kuchanganyia sauti. Hizi ni safi, lakini zina udanganyifu wake: katika ukumbi mdogo gitaa linalovuma kutoka kwenye amplifaya yake halihitaji kuongezwa sana mezani, kwa hiyo kwenye kanda sauti za waimbaji huwa kubwa mno na gitaa likaonekana dhaifu, na msikilizaji akadhani Garcia hakuwa katika hali nzuri. Kuna kanda zilizorekodiwa na watazamaji kwa maikrofoni zao, ambazo zina ukungu, makofi na wakati mwingine mazungumzo ya jirani, lakini ndizo zinazobeba joto la ukumbi. Na kuna zilizochanganya aina hizo mbili, ambazo zikifanywa na mtu mwenye subira hushinda zote. Bendi haikuwafukuza watazamaji hao; kuanzia Oktoba 1984 iliwatengea sehemu yao rasmi ukumbini, nyuma ya meza ya fundi, kwa masharti ambayo mashabiki waliyachukulia kama amana: kanda hubadilishanwa, haziuzwi.

Kinyume cha Cornell ni maonyesho ya mji wa Giza. Tarehe 14, 15 na 16 Septemba 1978 bendi ilipiga Misri, chini ya Sphinx na Piramidi Kuu, na usiku wa mwisho mwezi ulipatwa. Ukisoma habari za safari hiyo utaamini kwamba lazima ndilo onyesho kuu la maisha yao, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kivutio cha ziada: walishirikiana na Hamza El Din, Mnubi bingwa wa udi, ala ambayo wapenzi wa taarabu kutoka Lamu hadi Zanzibar hawahitaji kuelezwa. Lakini kanda hazina huruma na mandhari. Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono na alipiga kwa mkono mmoja, piano haikukaa kwenye sauti, na jaribio la kukitumia chumba cha mfalme ndani ya piramidi kama chumba cha mwangwi lilishindikana. Albamu iliyokusudiwa kulipia safari iliwekwa kabatini hadi mwaka 2008. Kilicho bora ndani yake ni "Ollin Arageed", ambapo El Din na wenzake wanaanza kwa tari, sauti na makofi, na bendi inaingia mmoja mmoja kwa heshima, ikijifunza mdundo mbele ya watu. Dakika hizo nazipenda kwa dhati. Maonyesho mazima siwezi kuyatetea.

Miaka ya themanini na tisini ndiyo inayowagawa zaidi waliokuwepo na tusiokuwepo. Garcia alizimia kwa siku kadhaa Julai 1986, na aliporudi jukwaani Oakland tarehe 15 Desemba mwaka huo akafungua kwa "Touch of Grey", wimbo unaosema kwamba ataokoka. Anayesikiliza kanda anasikia onyesho la kawaida la mtu anayejifunza upya vidole vyake. Aliyekuwa ukumbini hatakubali neno kawaida litamkwe. Vivyo hivyo Hampton, Virginia, tarehe 9 Oktoba 1989, bendi ilipotangazwa kwa jina lake la zamani la Warlocks ili kuepuka msongamano, ikapiga "Dark Star" kwa mara ya kwanza tangu Julai 1984. Kelele za watu katika noti chache za mwanzo ni sehemu ya muziki wa usiku ule kama gitaa lilivyo.

Kuna usiku mmoja wa enzi hiyo ambao hata wachaguzi wakali wa kanda za 1972 wameukubali. Tarehe 29 Machi 1990, Nassau Coliseum, karibu na jiji la New York, alialikwa Branford Marsalis, mpiga saksafoni wa jazi, apige wimbo mmoja bila mazoezi. Alipiga "Bird Song" katika nusu ya kwanza, na bendi ikamwomba arudi kwa nusu yote ya pili. "Eyes of the World" ya usiku huo inaonyesha jambo ambalo kanda za bendi peke yake haziwezi kulionyesha: mgeni asiyejua mazoea yao anasikiliza, anauliza swali kwa saksafoni, na Garcia, aliyekuwa ameanza kuchoka miaka hiyo, anaamka kujibu.

Kwa anayeanza, ningemshauri aingie kwa wimbo huo, kwa kuwa una mgeni kama yeye ndani yake. Kisha asikilize Veneta kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na malalamiko ya joto na kurekebisha nyuzi, halafu Fillmore East usiku, mahali pasipo na haraka. Cornell aiache mpaka atakapokuwa amemaliza Buffalo ya kesho yake, ili akifika Barton Hall aweze kusema kwa masikio yake mwenyewe kama sifa zile ni za bendi au ni za fundi aliyekuwa ameketi pembeni na mashine yake ya kurekodi.